Walinzi wa Ulimi wa Shangazi Ndeshi

Kaa chini kwanza. Kama una kitu jikoni, zima jiko, utaunguza. Hiki ninachokwambia kimetokea kwetu Uru, mchana kweupe, na hutaniamini. Hata mimi nisingeamini kama nisingekuwa nimeshika simu narekodi. Shangazi yangu Ndeshi, mpika mbege, pombe yetu ya ndizi, anayesalimiwa barabarani kuliko mchungaji, alimwaga mtungi mzima wa pombe tamu kuliko zote alizowahi kupika. Aliumwaga kwenye migomba, mbele ya wanaume wazima waliokuwa wanalia. Wanalia machozi kabisa! Video ninayo.

Lakini ngoja nianze vizuri, maana nikisisimka naruka ruka.

Mimi naitwa Nsia. Naishi na shangazi, namsaidia kilabuni: naosha makata, naweka muziki, nawapiga picha wanywaji wakicheza. Kata ni kile kibuyu cha kunywea, na kwetu kata moja inazunguka watu kadhaa. Ila haizunguki mpaka mwenye pombe aionje kwanza, mbele ya macho ya watu. Ndiyo desturi yetu tangu mlima ulipokuwa na theluji, siyo sasa ambapo Kibo imebaki upara. Mpishi anainua kata, anakunywa, anameza, watu wanamtazama koo. Maana yake: sijaweka kitu humu, kilichomo tumboni mwenu kimo pia tumboni mwangu. Hapo ndipo kelele zinaanza.

Na mwenye kelele kuliko wote ni Anko Ndewario.

Anko Ndewario anatengeneza punda-hewa, yale madude yanayoruka na mikungu ya ndizi kutoka migombani mpaka sokoni Moshi. Fundi hatari. Punda-hewa likikohoa huko juu, yeye chini anakwambia ni bawa gani linauma. Anachekesha, anaimba, anampenda shangazi yangu mpaka anatia huruma. Shangazi naye anampenda, ila anajifanya hampendi, anampa kata yenye povu jingi halafu anageuka kucheka ukutani.

Sasa shida. Anko anaishi na VVU, hilo wala si siri, mwenyewe anasema hata kwenye maikrofoni. Ana dawa zake za kumeza. Kliniki walimpa chaguo la sindano ya mara moja kwa miezi sita, ila alipoiona alitorokea dirishani, nesi Mkunde akabaki ameshika kiatu chake. Basi ikawa vidonge, kila jioni. Na jioni ndiyo saa ya mbege. Simu yake inalia saa ya dawa, yeye anaizima anasema, "Leo nimekunywa, dawa na pombe havikai tumbo moja, nitameza kesho." Kesho anakunywa tena.

Nesi Mkunde amemwambia mpaka amechoka. "Anko, umekunywa hujanywa, meza! Pombe haili dawa, inakula kumbukumbu." Anko anaitikia, ndiyo nesi, anarudi kilabuni.

Siku kipimo kilipotoka kibaya, virusi vimepanda, alikuja amenyamaza. Ndewario! Amenyamaza! Mpaka nilizima muziki. Alikaa mbele ya shangazi akasema, "Ndeshi, nilikuwa nimepanga leo nikuchumbie."

"Si unichumbie, nani amekukataza?"

"Kipimo kimenikataza."

Shangazi akafuta mikono kwenye kanga. "Sikiliza, mangi. Kata haiambukizi, busu haliambukizi, na kirusi kikitulizwa na dawa mpaka hakionekani kwenye kipimo, hakiambukizi hata kitandani. Hayo yote nayajua. Siogopi ugonjwa wako. Naogopa kusahau kwako. Niletee kipimo kisafi, nitaolewa na wewe hata Jumatatu."

"Jumatatu watu hawaoi."

"Basi leta kipimo tuone."

Anko akacheka kidogo. Halafu, naapa, akaagiza kata.

*

Siku iliyofuata nafagia, nikakuta kiboksi cheupe chini ya benchi analokaaga Anko. Kidogo kama sabuni ya kuogea. Nikakigusa, kikaongea!

"Habari. Mimi ni Walinzi wa Ulimi. Nimekabidhiwa kwa Ndewario. Ili nifunguke nahitaji sauti yake ikisema: nakubali."

Nilipiga yowe, shangazi akaja mbio na mwiko.

Tukampigia nesi Mkunde kwa video, tukajifanya tumesikia tu mjini habari za Walinzi wa Ulimi. Akatueleza, maana yule dada ukimpa nafasi anafundisha. Humo ndani kuna vijidudu vilivyotengenezwa maabara, vidogo kuliko chachu. Unavipaka ndani ya kata. Mdomo wa kwanza kugusa kata ile ndio unakuwa nyumba yao. Vinahamia kwenye ulimi, vinakaa, vinahesabu pombe inayopita. Ukifika kiasi ambacho bado unajijua, haviumi, havileweshi, haviwashi. Vinageuza tu ladha. Mbege inakuwa chungu mpaka unaitema. Kesho yake vinaanza upya.

"Nilimpa Ndewario jana," nesi akasema, "akasema atafikiria. Si mnajua, hatumpi mtu bila yeye kukubali. Ulimi ni wake."

Tukakata simu. Shangazi akakitazama kile kiboksi. Mimi nikamtazama shangazi.

"Alisema atafikiria," nikasema.

"Amekisahau chini ya benchi, Nsia. Ndivyo anavyofikiria."

"Lakini shangazi, mwenyewe hajasema..."

"Mimi ndiye ninayempikia! Kila jioni namwekea kwenye kata kitu kinachomsahaulisha dawa, kwa mkono wangu, nacheka naye. Hicho nilimuuliza kama anakubali? Sasa nikiweka kitu cha kumponya ndiyo mnaanza kuniuliza ruhusa?"

Wewe ungemjibu nini?

Halafu akaniangalia simu. Sio mimi, simu. "Wewe si unamrekodigi kila siku?"

Ninayo, ndiyo. Ninayo video Anko yuko juu ya benchi, shati begani, watu wanamuuliza kama anaongeza, naye anapaza sauti: "Nakubali! Nakubali raundi nyingine!" Imependwa na watu wengi sana hiyo video, siyo kwamba najisifu.

Nilikata kipande. Neno moja tu. Nikasogeza simu kwenye kiboksi, nikabonyeza.

"Nakubali!" ikasema sauti ya Anko, imejaa furaha na mbege.

"Asante, Ndewario," kikajibu kiboksi. Kikafunguka.

*

Jumamosi kilabu kilifurika. Kulikuwa na mitungi ya kutosha, maana timu yetu ilikuwa imeshinda, kipa wake ni wa ukoo mmoja wa hapa, na ukoo wote umekuja kujisifu. Shangazi alikuwa amepaka wale walinzi ndani ya kata moja nzuri nyeusi, akaifunga uzi mwekundu kwenye mpini tusije tukaichanganya. Mpango ulikuwa mwepesi: shangazi aonje kwa kata nyingine, yenye uzi mwekundu iende moja kwa moja kwa Anko.

Nilikuwa pembeni, simu mkononi. Shangazi akachota kata yenye uzi mwekundu. Akamgeukia Anko. Kilabu kizima kikamtazama koo.

Na shangazi, miaka yote hii ya kuonja, mkono umezoea kuliko kichwa, akainua kata akanywa.

Akameza.

Nikaona macho yake yanatoka. Mimi nimeziba mdomo kwa simu. Akabaki ameshika ile kata kama ameshika nyoka. Watu wakashangilia, Anko akaipokea akanywa, akalamba midomo. "Ndeshi! Leo umejipita!"

Mdomo wa kwanza, unakumbuka? Walinzi walikuwa wameshapata nyumba.

Mambo yakaenda vizuri mpaka mtungi wa tatu. Kila mtungi lazima auonje, na siku hiyo alikuwa anaonja kwa mikupuo mikubwa, sijui kwa hofu. Akafungua mtungi wa tatu, akachota, akanywa, akatema mpaka ukutani.

"Chungu!"

"Chungu nini?"

"Hii pombe imeharibika! Ni sumu hii! Meku Lyaruu, umeniletea msesewe wa namna gani?"

Meku Lyaruu ndiye anayetuletea msesewe, lile gamba la mti linaloipa mbege ukali wake kidogo. Mzee wa watu akasimama na fimbo yake. "Msesewe ule ule wa siku zote! Mti ule ule! Unataka kuniaibisha mbele ya watu?"

"Umezidisha!"

"Mimi naleta gamba, kupika unapika wewe!"

Shangazi akaonja tena, akatema tena. Na mpishi akishasema pombe ni mbaya, basi ni mbaya, hakuna rufaa. Akaushika mtungi yeye na mabega yake yale, akaupeleka kwenye migomba, akaumwaga. Ile sauti ya kumwagika! Wanaume walishika vichwa. Mmoja alipiga magoti. Shabiki mmoja wa kipa akawa anaimba kama msibani. Hapo ndipo video yangu inapoanzia.

Anko Ndewario akainama, akachota kilichobaki kwenye kitako cha mtungi kwa kiganja, akaonja.

"Mbona tamu?" akasema.

Watu wakageuka.

"Tamu kama asali. Ndeshi, hii ni..." Nikamwona anafikiri, kile kichwa cha fundi, kile kinachosikia bawa linaumwa. Akatazama ule uzi mwekundu. Akatazama chini ya benchi lake.

"Ndeshi. Kile kiboksi changu kiko wapi?"

*

Tulikaa uani watatu. Mimi nikaombwa simu. Nikampa. Akajisikiliza: nakubali! Akarudia. Nakubali! Kuku mmoja akapita, hakuna aliyecheka.

"Sauti ni yangu," akasema. "Ila aliyesema siyo mimi."

"Nilitaka upone," shangazi akasema. Sauti imekwisha.

"Najua ulichotaka. Nisingejua ningekuwa nimeshaondoka." Akanirudishia simu, taratibu, hiyo iliniuma kuliko kama angeitupa. "Watu wote hapa wanakuamini kwa sababu ya lile koo lako, Ndeshi. Unakunywa kwanza. Leo mimi ungeninywesha kitu ambacho wewe hunywi."

"Nimekinywa!"

"Kwa kusahau!"

Halafu mdomo wa Anko ukaanza kutetemeka, nikajua analia, kumbe cheko linamtoka. "Kwa kusahau! Ndeshi! Wewe! Unayeogopa watu wanaosahau!"

Shangazi akajaribu kununa. Haikuwezekana. Walicheka mpaka Meku Lyaruu akachungulia kuuliza kama fidia ya msesewe inajadiliwa.

Nesi Mkunde alipopigiwa, kwanza alitugombeza wote, mimi nimegombezwa zaidi. Halafu akasema walinzi hawatolewi kwa nguvu. Wataishi ulimini mwa shangazi mpaka wazeeke na kuhama wenyewe, msimu mmoja hivi.

"Msimu mmoja?" shangazi akashika shavu. "Nani ataonja?"

Wakanitazama mimi. Mimi mbege inanipa chafya, kila mtu anajua.

Wakamtazama Anko.

*

Sasa usicheke. Mwonjaji wa nyumba akiwa mlevi, hana faida. Ulimi ukishalewa, kila kitu ni kitamu. Siku ya kwanza Anko alipiga kata zake kadhaa kabla ya kazi, akausifia mtungi uliochacha mpaka siki. Wanywaji walimrushia maganda ya ndizi. "Mwonjaji gani huyu! Ulimi kama soli!" Meku Lyaruu ndiye alirusha mengi, alikuwa na deni lake la moyoni.

Jambo hilo lilimkera Anko kama punda-hewa lililoanguka mikononi mwake. Ufundi wake umechafuliwa! Siku iliyofuata akaja mkavu, hajagusa pombe. Akaonja funda moja kila mtungi, akafumba macho, akasema, "Huu acha mpaka kesho. Huu toa sasa hivi. Huu ndizi zake ziliiva upande mmoja." Na kweli! Watu wakaanza kumtazama koo kama walivyokuwa wanamtazama shangazi.

Simu yake ikilia jioni, yuko mkavu, anameza kidonge chake mbele ya watu, maji kikombe kizima, wanywaji wanashangilia: "Koo! Koo!" Siku aliyoteleza, maana aliteleza, harusi ya binamu yake huko, alirudi anayumba. Lakini saa ya dawa ilipolia alimeza hivyo hivyo, anasema, "Mkunde amesema, bora vyote viwili kuliko pombe peke yake!" akalala kwenye benchi na viatu.

Kipimo kilichofuata nilikisoma mimi kwenye simu yake, kwa sababu macho yake yalikuwa yamejaa maji. Virusi havionekani.

"Jumatatu!" akapiga kelele. "Ndeshi, ulisema Jumatatu!"

Walioana Jumamosi. Jumatatu kweli watu hawaoi.

*

Hapa ndipo ninapokuhitaji wewe.

Harusi imepamba moto. Mbege amepika bibi harusi mwenyewe, nani mwingine? Mimi natangaza moja kwa moja kwa simu kwa ndugu walioko mbali. Mshereheshaji anaita maharusi wanywe kata moja, ile ile nzuri nyeusi ya uzi mwekundu, bibi harusi kwanza. Shangazi, shela limekaa upande, akanywa. Watu wakapiga vigelegele. Akampa kata mume wake.

Simu yangu ikatetemeka mkononi. Ujumbe kutoka kile kiboksi, maana sauti ya Anko kiliipokea kwenye simu hii hii, katikati ya picha ya harusi:

*Walinzi wamezeeka na wako tayari kuhama. Wamo kwenye kata. Mdomo unaofuata ni wa Ndewario. Sauti yake ilishapokelewa: nakubali. Hakuna unachohitaji kufanya.*

Hakuna unachohitaji kufanya! Ndugu yangu, nimeishi na hiyo sentensi mpaka leo. Nilichohitaji ni kunyamaza tu. Anko angekunywa, walinzi wangehamia kwake wakiwa na nguvu upya, asingelewa tena hata kwa bahati mbaya. Na nilikuwa nimemwona kwenye lile benchi na viatu. Anapenda harusi, anapenda watu, na harusi haziishi. Siku moja angeteleza, kesho yake akateleza tena. Shangazi yangu ndiye angekaa macho anamsubiri.

Kata imefika kidevuni.

Nikamwona shangazi. Alikuwa ananitazama mimi, siyo kata. Sijui alijuaje, labda uso wangu. Akatikisa kichwa, kidogo sana, chini ya shela. Alikuwa ananiambia: nyamaza.

"ANKO SUBIRI!"

Nilipiga kelele mpaka spika zikalia. Ndugu walioko mbali wakaanza kuandika, nini, nini, nani kafa? Nikakimbia na gauni langu, nikamwonyesha simu. Akasoma, midomo inacheza. Akairudia ile sehemu ya sauti yake.

Alimgeukia mke wake. Shangazi akamwambia polepole, ila mimi nilikuwa karibu, "Ungekunywa tu, mume wangu. Ungekunywa ningelala usingizi."

"Najua," Anko akasema.

Akaiweka ile kata chini.

"Jamani!" akapaza sauti. "Hii nyumba ina mwonjaji au haina?"

"INA!" wakajibu wanywaji wote wa Uru.

"Ni nani?"

"NI WEWE!"

"Sasa mbona leo mnaanza kwa bibi harusi? Leteni kata nyingine!"

Wakaleta kata kavu, safi. Akachota, akainua, watu wakamtazama koo. Funda moja. Akafumba macho, akameza. "Tamu," akasema. Akampa shangazi. Shangazi akanywa huku machozi yanamshuka, na sikuweza kujua ni ya nini.

Dakika hiyo hiyo simu ya Anko ikalia mfukoni mwa suti. Saa ya dawa. Mshereheshaji, hana akili yule, akaipelekea maikrofoni. Anko akameza kidonge, maji glasi nzima, ukumbi unapiga meza: koo, koo, koo! Wale walinzi wakafia kwenye kata nyeusi, uzi mwekundu bado uko kwenye mpini. Nimeitunza.

Shangazi hakunisemesha mpaka keki ilipokatwa. Alipokuja kunilisha kipande aliniinamia sikioni. "Akianguka, Nsia," akasema, "wewe ndiye utakayeniambia kwa nini hukunyamaza." Halafu akanibusu, akaenda kucheza.

Mpaka leo hajaanguka. Mpaka leo. Jioni ikifika saa ya dawa, hata kama niko mbali, naangalia simu yangu, nangoja anitumie ile picha ya kikombe kitupu cha maji.

Haya, niambie. Kata iko kidevuni, bibi harusi anakutikisia kichwa, simu inakwambia huna unachohitaji kufanya. Wewe ungenyamaza?